Ernest Just: Mtaalamu wa yai aliyevuka bahari kutafuta meza ya kazi

KATIKA biashara, aliyekupa mali kwa mkopo humlipa fedha. Katika sayansi, aliyekupa wazo humlipa kwa kumtaja. Mtafiti anapochapisha makala kwenye jarida, mwishoni huorodhesha kazi za watu aliowategemea, na kila jina kwenye orodha hiyo ni kama stakabadhi ya deni lililolipwa. Siku hizi stakabadhi hizo zinahesabiwa kwa kompyuta. Anayetajwa sana hupanda cheo na kupewa fedha za utafiti. Anayetajwa kidogo hubaki nje, hata kama mali yake ndiyo iliyojaa kwenye maduka ya wengine.

Leo tunasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye daftari hilo halikumtendea haki kwa miaka mingi. Anaitwa Ernest Everett Just, Mmarekani Mweusi aliyefariki mwaka 1941. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jambo ambalo kila mmoja wetu amelipitia bila kulikumbuka: yai linapokutana na mbegu ya kiume, ni nini hasa hutokea katika dakika ya kwanza ya uhai mpya?

Wasomaji wetu wengi wanaishi kwa kuvuka mipaka. Wanajua hali ya kuwa na mali nzuri ambayo kwenu haina mnunuzi, ukalazimika kuipeleka ng'ambo. Just aliifahamu hali hiyo vizuri, ila mzigo wake ulikuwa elimu.

Mtoto wa wajenzi wa gati

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1883 mjini Charleston, mji wa bandari katika jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Utumwa ulikuwa umefutwa miaka 18 tu kabla ya hapo. Babu yake na baba yake walikuwa mafundi wa kujenga gati za bandarini. Baba alifariki Ernest akiwa na miaka minne, na nyumba ikabaki mikononi mwa mama, Mary Matthews Just.

Mama huyo alikuwa mwalimu. Kwa kuwa mshahara wa ualimu haukutosha kulea watoto, alifanya pia kazi kwenye machimbo ya fosfeti katika kisiwa cha James, jirani na mji. Huko aliona familia za Weusi zikiishi kwa kutegemea kibarua cha kila siku. Akawashawishi wachukue ardhi, walime na kujenga makazi yao wenyewe. Walimsikiliza, na makazi yaliyozaliwa yakaitwa Maryville kwa heshima yake. Aliendesha pia shule, na mwanawe alikuwa mmoja wa wanafunzi wake.

Ernest alipokuwa mdogo aliugua homa ya matumbo vibaya sana. Alipopona, alikuwa amesahau kusoma. Ilibidi aanze upya, herufi kwa herufi.

Akiwa na miaka 13 alipelekwa kwenye chuo cha Weusi mjini Orangeburg, kilomita nyingi kutoka nyumbani, ili asomee ualimu. Baada ya hapo mama na mwana waliona kwamba kusini hakukuwa na shule ya kumfikisha mbali zaidi. Kijana akapanda meli kwenda New York, akifanya kazi safarini ili alipie nauli. Mwaka 1900 alijiunga na shule ya Kimball Union, katika jimbo la New Hampshire, ambako karibu wanafunzi wote walikuwa Wazungu. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu. Mama yake alifariki katika kipindi hicho, kabla ya kuona matunda ya jasho lake.

Mwaka 1903 aliingia Chuo cha Dartmouth, katika jimbo hilohilo. Huko ndiko alikoanza kusoma elimu ya viumbe, na suala la jinsi yai moja linavyogeuka kiumbe kamili likamteka. Alihitimu mwaka 1907 kwa heshima ya juu kuliko wenzake wote wa darasa lake.

Kwa kijana Mzungu mwenye cheti kama kile, njia ilikuwa wazi. Kwa Just milango ilikuwa miwili tu: kufundisha katika chuo cha Weusi, au kuhubiri. Akachagua kufundisha. Mwaka huohuo alianza kazi katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, kwanza kama mwalimu wa Kiingereza. Baadaye uongozi wa chuo ulimhamishia elimu ya viumbe, na mwaka 1912 akawa mkuu wa idara ya zuolojia. Mwaka huo pia alimwoa Ethel Highwarden, mwalimu wa Kijerumani chuoni hapo. Walijaliwa watoto watatu.

Taa gatini usiku wa giza

Mwaka 1909 Just alifika kwa mara ya kwanza Woods Hole, kijiji cha pwani katika jimbo la Massachusetts. Hapo kuna maabara maarufu ya viumbe vya baharini, ambako wanasayansi kutoka vyuo vikubwa hukusanyika kila majira ya joto. Alikuja kama msaidizi wa Frank Lillie, mkurugenzi wa maabara hiyo na mkuu wa zuolojia katika Chuo Kikuu cha Chicago. Kwa miaka ishirini iliyofuata alirudi hapo karibu kila mwaka.

Kwa nini bahari? Yai la binadamu hufichika ndani ya mwili, na enzi hizo hakuna aliyeweza kulitoa na kulitazama likirutubishwa. Wanyama wengi wa baharini humwaga mayai na mbegu zao majini. Yai linaweza kutekwa kwenye bakuli, likawekwa chini ya hadubini, na kila hatua ikaonekana.

Mmoja wa wanyama aliowapenda Just ni mnyoo wa baharini aitwaye Nereis. Mnyoo huyu huishi mchangani, lakini katika usiku wa giza wa majira ya joto, mwezi unapokuwa haupo, hupanda juu ya maji kwa wingi ili wazaliane. Just alikwenda kuwakusanya kwa taa na wavu, akawapeleka maabara upesi, kisha akakesha akiwatazama. Yeye na Lillie waliandika juu ya tabia ya wanyoo hao kwa undani, wakaeleza siku za mwezi wanazotoka na saa wanazotoka, kama mvuvi anavyozijua siku za bamvua.

Makala yake ya kwanza ilitoka mwaka 1912. Aliuliza swali dogo: yai linapogawanyika mara ya kwanza kuwa seli mbili, mstari wa mgawanyiko unapangwa na nini? Akaonyesha kwamba kwa Nereis mstari huo unafuata mahali ilipoingilia mbegu ya kiume, na kwamba mbegu inaweza kuingilia popote. Maana yake ni kwamba hakuna mlango mmoja uliotengwa kwenye yai. Uso wote wa yai uko hai na uko tayari kuitikia.

Wazo hilo alilibeba maisha yake yote. Wanasayansi wengi wa wakati ule waliona uso wa seli kama mfuko tu, kitu cha kushikilia yaliyomo. Just aliamini kwamba tabaka la nje ni sehemu inayofanya kazi, na kwamba humo ndimo seli inamohisi mazingira yake na kuamua la kufanya.

Kizuizi kinachoshushwa upesi

Ugunduzi wake unaokumbukwa zaidi aliuchapisha mwaka 1919. Tatizo ni hili: yai moja huzungukwa na mbegu nyingi mno, nazo zote zinataka kuingia. Lakini ikiingia zaidi ya moja, hesabu ya urithi ndani ya seli inavurugika, na kwa kawaida kiinitete hufa. Basi yai linafungaje mlango?

Ilijulikana kwamba mara baada ya kurutubishwa, utando mwembamba huinuka kutoka kwenye uso wa yai na kulizunguka lote kama ukuta. Wengi waliridhika kwamba huo ndio mlango. Just alitazama kwa makini mayai ya mnyama bapa wa mchangani, jamaa wa wale wenye miiba, umbo lake kama sarafu kubwa. Akaona kwamba utando unachelewa. Kabla haujainuka, badiliko fulani hukimbia kama wimbi kwenye uso wa yai, likianzia pale mbegu ilipogusa. Wimbi likishapita, mbegu nyingine haziingii tena, ingawa ukuta bado haujasimama.

Anayepita vituo vya mpakani ataelewa haraka. Kufunga geti zito huchukua muda. Kwanza kinashushwa kizuizi, na magari ya nyuma yanasimama. Just alikiona kizuizi kile wakati wenzake walikuwa wakilitazama geti.

Lakini kilichomfanya ajulikane Woods Hole ni mikono yake kuliko hata ugunduzi huo. Watafiti wengi walifika na nadharia kubwa, wakachukua mayai yaliyokwisha kuchoka, wakayaweka kwenye vyombo vyenye mabaki ya dawa, wakayaacha yapate joto. Kisha wakaandika matokeo. Just alisema kwa ukali kwamba matokeo hayo ni ya mayai yanayokufa. Yeye alisafisha vyombo mwenyewe, alipima joto la maji, na hakuanza jaribio kabla ya kuhakikisha kwamba mayai ya kundi lilelile, yakirutubishwa kwa njia ya kawaida, yanakua sawasawa. Ukitaka kujua ugonjwa, alifundisha, ujue kwanza afya.

Hivyo wanasayansi Wazungu, wakiwemo wenye majina makubwa, walimfuata kwa ushauri. Mayai hayakui? Muulize Just. Aliwasaidia. Wengi walirudi vyuoni kwao na matokeo mazuri wakayachapisha kwa majina yao. Msaada wa namna hiyo hauandikwi kwenye orodha ya mwisho wa makala. Nje ya maabara, maisha yalikuwa mengine. Familia yake ilipomfuata huko ilitengwa na baadhi ya wenyeji wa maabara.

Nishani, na mahali sayansi ilipoelekea

Tarehe 12 Februari 1915, Just alikuwa mtu wa kwanza kabisa kupokea nishani ya Spingarn, tuzo ya chama cha kutetea haki za Weusi wa Marekani, NAACP. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Chicago kilimtunuku shahada ya uzamivu. Mwaka 1924 yeye na Lillie waliandika sura ya utungisho katika kitabu kikubwa cha elimu ya seli kilichotumiwa na watafiti wa zama hizo. Mwaka 1930 alichaguliwa makamu wa rais wa chama cha wanazuolojia wa Marekani. Kwa jumla alichapisha zaidi ya makala 50.

Kwa vipimo hivyo alistahili kiti katika chuo kikubwa cha utafiti. Hakuna hata kimoja kilichompa. Aliendelea kufundisha Howard mwaka mzima, akisubiri majira ya joto ili afanye utafiti wake. Kuanzia mwaka 1920 alipata ruzuku kutoka kwa tajiri Julius Rosenwald, ambayo ilimpunguzia vipindi vya darasani. Ruzuku hiyo nayo ilizaa mvutano: wakuu wa chuo walitaka fedha na muda wake vitumike kufundisha madaktari na walimu Weusi, ambao taifa lilikuwa na uhaba nao mkubwa, na yeye alitaka kuwa mwanasayansi kama wanasayansi wengine. Pande zote mbili zilikuwa na hoja.

Kulikuwa na hasara nyingine iliyojificha. Mtu wa kwanza kumtaja mtafiti ni mwanafunzi wake. Profesa wa Chicago au wa New York alifundisha wanafunzi wa uzamivu, nao wakaenda kufundisha vyuo vingine wakiwa wamebeba jina lake. Howard wakati huo haikuwa ikitoa shahada ya uzamivu. Just hakuwa na ukoo wa kisayansi wa kumtangaza.

Aliingia pia kwenye ugomvi na wakubwa. Jacques Loeb, aliyekuwa amepata umaarufu mwaka 1899 kwa kulifanya yai la mnyama wa baharini lianze kukua bila mbegu ya kiume, kwa kubadili tu chumvi za maji, mwanzoni alimuunga mkono Just. Loeb aliona uhai kama mtambo: tia kemikali hii, pata matokeo haya. Just alirudia majaribio ya namna ile na kuandika kwamba maelezo ya Loeb yana kasoro. Kwake, kemikali ni kichocheo tu. Kazi inafanywa na yai lenyewe. Loeb akageuka mpinzani wake na kudhoofisha nafasi zake kwa wafadhili.

Wakati huohuo soko la utafiti lilikuwa linahama. Thomas Hunt Morgan na wanafunzi wake, kwa kuchunguza nzi wadogo wa matunda, walionyesha kwamba urithi hubebwa na jeni zilizopangwa ndani ya kiini cha seli. Fedha, ajira na majarida yakafuata huko. Mwaka 1933 Morgan alipewa Tuzo ya Nobel. Aliyechunguza uso wa yai alionekana kama mtu anayeuza bidhaa ya msimu uliopita.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Just hakuonewa tu, alikosea pia. Alilipinga kundi la jeni kupita kiasi. Alitunga nadharia yake kwamba jeni hufanya kazi kwa kuondoa vitu kutoka kwenye ute wa seli, na nadharia hiyo haikusimama. Swali lake lilikuwa zuri: ikiwa kila seli ina jeni zilezile, kwa nini moja inakuwa ngozi na nyingine mfupa? Swali hilo liliwashughulisha wanasayansi kwa miongo mingi baada yake. Jibu lake ndilo lililokuwa na kasoro, na ukali wa kalamu yake ulimwongezea maadui.

Meza ya Napoli

Mwaka 1929 alivuka bahari ya Atlantiki. Alikwenda Napoli, nchini Italia, kwenye kituo cha utafiti wa bahari kilichoanzishwa mwaka 1872 na Mjerumani Anton Dohrn. Kituo hicho kilikuwa na utaratibu wa pekee: nchi na vyuo vikuu vilikodi meza za kazi, na anayekaa kwenye meza alipatiwa maji ya bahari, vyombo na wanyama wa kuchunguza. Ilikuwa kama soko ambalo kila mgeni ana kibanda, na hakuna anayeulizwa rangi ya ngozi yake. Just alipata meza, na kwa mara ya kwanza akatendewa kama mtaalamu aliyealikwa.

Mwaka 1930 alikaribishwa Berlin, kwenye taasisi ya biolojia ya Kaiser Wilhelm, mojawapo ya taasisi zilizoheshimika kuliko zote duniani. Baadhi ya watu waliofanya kazi humo walikuwa na Tuzo ya Nobel au walikuwa njiani kuipata. Walimsikiliza, walibishana naye, walikula naye meza moja.

Majira hayo ya joto alirudi Woods Hole kwa sherehe ya Lillie kutimiza miaka 60. Alipopewa nafasi ya kuzungumza, aliwaambia wazi wenzake kwamba udugu na msaada alioupata kwa muda mfupi Ulaya ulizidi wa miaka yake yote ya pale. Chumba kilinyamaza. Hakurudi tena Woods Hole.

Tangu hapo akawa mtu wa safari. Alikuwa akirudi Washington kufundisha, kisha anakwea meli tena. Wanazi walipotwaa madaraka Ujerumani mwaka 1933, Berlin haikuwa tena mahali pa mtu Mweusi, akahamishia kazi Ufaransa na Italia. Fedha zilikuwa za kubahatisha: alimwandikia mfadhili huyu na yule, alikopa, alikataliwa. Ndoa yake ya Washington ilivunjika. Huko Berlin alikuwa amekutana na Hedwig Schnetzler, msomi wa Kijerumani, ambaye alimsaidia kuandika na hatimaye akamwoa mwaka 1939. Watoto wake wa kwanza walikua wakimwona kwa nadra. Hiyo nayo ni gharama iliyolipwa na wengine.

Mwaka huohuo wa 1939 vilitoka vitabu vyake viwili, vyote mjini Philadelphia. Kimoja kilieleza biolojia ya uso wa seli, kikikusanya mawazo yake ya miaka 30. Kingine kilikuwa mwongozo wa namna ya kushughulikia mayai ya wanyama wa baharini maabara, yaani ule ujuzi aliokuwa akiugawa bure gatini na kwenye korido. Vilitoka mwezi na mwaka mbaya: dunia ilikuwa inaingia vitani, na maktaba za Ulaya hazikuwa na nafasi ya vitabu vipya.

Mwaka 1940 jeshi la Ujerumani lilipoivamia Ufaransa, Just alikuwa Roscoff, kituo cha utafiti kwenye pwani ya Bretagne. Aliwekwa kizuizini kwa muda mfupi, kisha akaachiwa. Mwezi Septemba alifika Marekani pamoja na mkewe aliyekuwa mjamzito. Tayari alikuwa mgonjwa. Alifariki Washington tarehe 27 Oktoba 1941 kwa saratani ya kongosho, akiwa na miaka 58.

Lillie, mwalimu wake, aliandika tanzia katika jarida la Science. Alisikitika kwamba mtu mwenye kipaji na uaminifu kama ule alipindishwa na nchi yake mwenyewe, akakosa nafasi ambayo kazi yake ilistahili.

Daftari lafunguliwa upya

Baada ya kifo chake jina lilififia. Mwaka 1953 umbo la DNA lilipojulikana, macho ya wanabiolojia yaliongezeka kuelekea ndani ya kiini, mbali na uso wa seli. Makala za Just zikakaa maktaba.

Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza utaratibu wa kufuatilia nani amemtaja nani katika sayansi, na mwaka 1964 kampuni yake ikaanza kutoa faharasa kubwa ya majina hayo. Garfield alifanyia kazi Philadelphia, mji uleule uliochapisha vitabu vya Just. Alikusudia kumsaidia mtafiti apate njia: ukipata makala moja nzuri, uone ni akina nani wameitumia baada ya hapo. Muda si mrefu chombo cha kutafutia njia kikawa pia mizani ya kupimia watu na majarida.

Mizani hiyo ni ya kweli katika kile inachopima. Inaonyesha soko linaelekea wapi. Haiwezi kuonyesha ushauri uliotolewa kwa mdomo, wala ajira iliyonyimwa, wala wanafunzi ambao mtu hakuruhusiwa kuwa nao. Wanaochunguza mienendo ya utafiti wanajua pia kwamba baadhi ya makala hulala kwa miongo kadhaa bila kutajwa, kisha huamka. Wamezipa jina la warembo waliolala.

Kizuizi alichokiona Just kiliamka mwaka 1976. Katika jarida la Nature, mtafiti Laurinda Jaffe alionyesha kwamba mayai ya wanyama wa baharini wenye miiba huzuia mbegu za ziada kwa badiliko la haraka la umeme kwenye uso wake, kabla ya utando kuinuka. Wimbi lile Just alilifuatilia kwa jicho na hadubini tu, zaidi ya miaka 50 kabla, bila vifaa vya kupima umeme huo. Uso wa seli nao ukarudi sokoni. Leo inajulikana kwamba humo mna vipokezi vinavyopokea homoni na dawa, na vinata vinavyoshikanisha seli mpaka kiungo kinaumbika.

Mwaka 1983, karne moja tangu azaliwe, mwanahistoria Kenneth Manning alitoa kitabu cha maisha yake, kilichomrudisha machoni pa wasomi. Mwaka 1994 chama cha elimu ya seli cha Marekani kilianzisha mhadhara wa kila mwaka wenye jina lake. Mwaka 1996 posta ya Marekani ilitoa stempu yenye picha yake. Na watafiti wa Howard, chuo alichokipenda na kugombana nacho, wameandika makala za kuonyesha jinsi mawazo yake yalivyopita kwa wengine bila kutajwa.

Vyuo vikuu vya ukanda wetu navyo hupandisha walimu vyeo kwa kuangalia machapisho yao. Wasomaji wetu wanaosomesha watoto huko kwa faida ya mzigo mmoja mmoja wana haki ya kujua mizani inayowasubiri. Si mizani mbovu, lakini inahitaji mtu mwaminifu wa kuisoma. Mary Just, mwalimu aliyechimba fosfeti ili mwanawe asome, hakuishi kuiona hesabu hiyo ikifungwa. Hata mwanawe hakuiona. Lakini leo mwanafunzi anayeandika jinsi yai linavyofunga mlango, akitaka kufika kwenye chanzo, anarudi nyuma mpaka mwaka 1919, na hapo analikuta jina la Just.